Gredi, Zebu na Jeni Zao: Ni Tofauti Ipi Inayomwokoa Ng'ombe wa Kericho na Bomet?

Mfugaji mwenye ng'ombe wawili watatu kando ya shamba lake la chai, iwe Konoin, Bureti au Belgut, husikia mambo yanayogongana kuhusu ndigana. Mmoja humwambia kwamba ng'ombe wa kienyeji ana jeni za kustahimili ugonjwa huo na wa gredi hana. Mwingine humwambia kwamba jeni za ng'ombe hawa wawili ni karibu zile zile, na kinachowatenganisha ni namna jeni hizo zinavyofanya kazi mwilini. Wa tatu humwambia aachane na habari za maabara, anyunyizie dawa ya kupe kila wiki. Kila mmoja ameshika sehemu ya ukweli. Tatizo ni kwamba maswali matatu yamefumwa kuwa moja: ng'ombe hawa wana jeni zipi, kila jeni inatumika kwa kiasi gani, na katika tofauti zote zinazoonekana, ni ipi hasa inayomfanya mmoja apone na mwingine afe. Utafiti wa kulinganisha utendaji wa jeni kati ya wanyama wa jamaa moja hujibu swali la pili vizuri. Mara nyingi matokeo yake husomwa kana kwamba yamejibu la tatu.

Ugonjwa unaofanya swali hili liwe la maana

Ndigana kali, ambayo maofisa wa mifugo wa Kenya huiita ECF, huletwa na kimelea kinachoitwa Theileria parva. Hubebwa na kupe kahawia wa masikio, na nyanda zenye mvua na ubaridi wa wastani kama hizi za chai zinamfaa sana kupe huyo. Ugonjwa umeenea katika nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika, na makadirio yanayotumiwa na watafiti ni kwamba huua zaidi ya ng'ombe milioni moja kila mwaka.

Dalili zake kila mfugaji anazijua: tezi iliyo chini ya sikio huvimba, joto hupita nyuzi 40, pumzi huanza kubana, na mwishoni povu hutoka puani kwa sababu mapafu yamejaa maji. Ng'ombe wa gredi asipotibiwa mapema huweza kufa ndani ya wiki tatu au nne. Kisichojulikana sana ni kinachotokea ndani ya seli. Kimelea huingia kwenye seli nyeupe za damu, zile za aina ya limfosaiti, wala hakiziui. Huzilazimisha zigawanyike bila kikomo, jinsi seli za saratani zinavyofanya. Seli inapojigawa, kimelea hujishikiza kwenye nyuzi zinazovuta kromosomu upande huu na upande ule, nacho kikagawanyika pamoja nazo, ili kila seli mpya izaliwe na kimelea chake. Dawa ya buparvakuoni ikikiua kimelea, seli huacha kuzaana.

Hapo ndipo msingi wa uchambuzi huu ulipo. Kimelea hakibadilishi jeni za ng'ombe hata moja. Kinabadilisha zipi ziwashwe na zipi zizimwe. Ikiwa ugonjwa wenyewe ni wa utendaji wa jeni, ni busara kuuliza kama jeni za zebu na za gredi hupokea amri hizo kwa namna moja.

Jamaa wawili waliofugwa mbali

Gredi wa Kericho, yaani Friesian na Ayrshire, ni wa ukoo wa taurini, Bos taurus, uliofugwa kwanza Mashariki ya Kati takriban miaka 10,000 iliyopita. Ng'ombe wa nundu, yaani zebu, ni wa ukoo wa Bos indicus, uliofugwa kwenye bonde la mto Indus miaka elfu moja au mbili baadaye. Koo hizo zilikuwa zimetengana zamani sana kabla ya mtu yeyote kumfunga ng'ombe kamba. Wataalamu hawajaafikiana kama ni spishi mbili au matawi mawili ya spishi moja, kwa sababu wakipandishwa huzaa na watoto wao nao huzaa.

Zebu wetu pia si wa ukoo mmoja mtupu. Uchunguzi wa ndama wa magharibi mwa Kenya, chini ya mradi wa IDEAL ulioanza mwaka 2007, ulionyesha kwamba takriban asilimia 84 ya asili yao ni ya zebu wa Asia na asilimia 16 ni ya taurini wa Afrika, ng'ombe wa kale wa bara hili. Anayesema analinganisha gredi na zebu, kwa hiyo, analinganisha Mzungu na chotara wa kale. Mradi huo huo ulifuatilia ndama 548 hadi kufikia umri wa mwaka mmoja. Walikufa 88, na ndigana ndiyo iliyoongoza kwa kuua. Hao walikuwa ndama wa kienyeji. Uvumilivu wa zebu upo, lakini hautoshi kumfanya mtu alale usingizi.

Wazo la kupima matumizi ya jeni

Mwaka 1975 Mary-Claire King na Allan Wilson waliandika kwamba protini za binadamu na za sokwe zinafanana kwa takriban asilimia 99, kiasi kwamba tofauti kubwa zinazoonekana kati yao lazima zitokane na jinsi jeni zinavyodhibitiwa. Wazo hilo ndilo lililozaa uwanja mzima. Jeni inapotumika, nakala zake za RNA hutengenezwa, na nakala hizo zinaweza kuhesabiwa. Chukua tishu ya mnyama huyu na ya jamaa yake, hesabu RNA za kila jeni, linganisha. Mwaka 2011 kundi la Henrik Kaessmann kule Lausanne, Uswisi, lilichapisha ulinganisho wa viungo sita vya wanyama kumi, kuanzia binadamu hadi kuku, na kuonyesha kwamba matumizi ya jeni hubadilika polepole sana kwenye ubongo na upesi mno kwenye korodani. Kwa macho ya nje ni kazi ya kuhesabu tu. Mitego iko ndani ya hesabu hiyo.

Msimamo wa kwanza: pima ng'ombe walivyo

Wapo wanaosema njia ya haki ni kuchukua damu ya zebu anayekaa Chepalungu na ya Friesian anayekaa Litein, wote wakiwa na ndigana, na kuona tofauti. Nguvu ya njia hii ni kwamba ng'ombe ni wa kweli, ugonjwa ni wa kweli, na mazingira ni yale ambayo mfugaji anaishi nayo. Udhaifu wake ni mwingi, na ndio unaostahili kukaliwa kwa muda.

Kwanza ni mazingira. Zebu wa malishoni hukutana na kupe akiwa ndama, akiwa bado na kinga kidogo ya mama, na akinusurika hukua na kinga yake. Friesian wa zizini, anayeletewa matete na kunyunyiziwa dawa, anaweza kufika utu uzima bila kukutana na kimelea hata mara moja. Damu zao zikitofautiana, umepima ukoo au umepima utoto? Wakulima wa chai wanalijua jambo hili kwa mazao yao: miche ya namna moja iliyotoka kituo cha utafiti cha Timbilil, ikipandwa kwenye miinuko tofauti, haitoi majani ya ubora mmoja, ingawa jeni ni zile zile. Kwa ng'ombe kuna ushahidi mzito zaidi. Imejulikana kwa miongo mingi kwamba zebu aliyetoka kusiko na ndigana, akiletwa kwenye ndigana, hufa karibu kama gredi. Nundu peke yake haimkingi. Kinachoonekana kukinga ni vizazi vingi vya kuchujwa na ugonjwa mahali pale pale, pamoja na kuambukizwa mapema.

Pili ni mchanganyiko wa seli. Ndigana hupunguza sana seli nyeupe kwenye damu. Jeni inayotumika kwenye aina fulani ya seli itaonekana imezimika, kumbe ni seli zenyewe zilizopungua. Ikiwa gredi amefikia hatua hiyo siku mbili kabla ya zebu, orodha nzima ya tofauti inaweza kuwa ni tofauti ya siku mbili.

Tatu ni kipimo chenyewe. Jenomu ya ng'ombe inayotumiwa kama rejea duniani, iliyochapishwa kwanza mwaka 2009 na kuboreshwa baadaye, imetokana na ng'ombe mmoja wa Marekani, Hereford aitwaye Dominette. Huyo ni taurini. Vipande vya RNA ya zebu vyenye herufi tofauti kidogo hukosa mahali pa kukaa kwenye rejea hiyo na kutupwa, kisha jeni ya zebu inaandikwa kuwa haifanyi kazi sana. Kosa hili humwonea zebu daima. Afueni imekuja: mwaka 2020 jenomu za Angus na Brahman zilichapishwa zikiwa zimetenganishwa kutoka kwa chotara mmoja, na mwaka 2022 rejea mpya ikaunganisha pia jenomu za N'Dama na Ankole. Hata hivyo, matokeo mengi yanayonukuliwa hadi leo yalipatikana kwa rejea ya Dominette au kwa teknolojia ya zamani zaidi iliyobuniwa kutokana na herufi za taurini.

Nne, na hili limewaumbua hata wakubwa. Mwaka 2014 watafiti wa mradi mkubwa wa jenomu ya panya walitangaza kwamba, kwa matumizi ya jeni, tishu za binadamu hufanana zenyewe kwa zenyewe kuliko zinavyofanana na tishu zile zile za panya. Kwa maneno mengine, ini la mtu liko karibu na moyo wa mtu kuliko na ini la panya. Mwaka uliofuata Yoav Gilad na Orna Mizrahi-Man wa Chuo Kikuu cha Chicago walifuatilia sampuli zilisomwa lini na kwa mashine ipi. Wakakuta kwamba, kwa sehemu kubwa, za binadamu zilisomwa kwa awamu zao na za panya kwa awamu zao. Waliporekebisha hesabu kwa ajili ya hilo, ini likakaa na ini. Maabara itakayosoma damu ya zebu wa Bomet mwezi Machi na ya gredi wa Kericho mwezi Julai itaangukia shimo lile lile, na hakuna takwimu itakayoitoa humo kikamilifu.

Msimamo wa pili: zilete seli kwenye sahani moja

Kundi la pili linajibu: toa damu ya ng'ombe wazima wa koo zote mbili, otesha seli zao maabara, ziambukize siku moja kwa kiasi kimoja, pima. Elizabeth Glass, Kirsty Jensen na wenzao wa Taasisi ya Roslin, Scotland, walifanya hivyo kwa Sahiwal, zebu wa maziwa ambaye Kenya imemtunza kwa miaka mingi kule Naivasha, na kwa Holstein. Walikuwa wameshaonyesha kwamba Sahiwal hupona maambukizi ya Theileria annulata, jamaa wa kimelea cha ndigana, yanayomuua Holstein. Kwenye seli walikuta tofauti hata kabla ya kuziambukiza.

Kilichofuata ndicho kinachoipa njia hii heshima. Mwaka 2010 watafiti walioendeleza kazi hiyo walichapisha kwamba seli za Holstein zilizoambukizwa hutoa kwa wingi zaidi kichocheo kiitwacho TGF-beta 2, na kwamba seli hizo hupenya tishu kwa kasi kubwa zaidi. Wakaongeza kichocheo hicho kwenye seli za Sahiwal, nazo zikaanza kupenya zaidi. Hapo tofauti ya hesabu imegeuzwa kuwa jaribio: badilisha kiasi, tabia inabadilika. Tafiti nyingi za kulinganisha jeni huishia kwenye jedwali la majina mia kadhaa na hazifiki hapa.

Udhaifu nao upo. Theileria annulata ni ya Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na Asia, na hupendelea seli za aina nyingine, wala haiko Kericho. Sahani haina tezi, haina mapafu, haina kupe. Matokeo ya Roslin yanatuelekeza pa kutazama. Kuyanukuu kama maelezo ya ndigana ya Konoin ni kuruka hatua ambayo hakuna aliyeipiga.

Chotara kama shahidi

Njia ya tatu naiona kuwa bora kuliko zote katika kutenganisha ukoo na mazingira, na inashangaza kwamba haijapewa nafasi kubwa Afrika Mashariki. Chotara wa kizazi cha kwanza ana nakala moja ya kila jeni kutoka kwa taurini na moja kutoka kwa zebu, zote ndani ya seli ile ile, mwili ule ule, zikipata malisho yale yale na kusomwa na mashine ile ile. Nakala ya zebu ikitoa RNA zaidi ya jirani yake, sababu iko kwenye jeni yenyewe au karibu nayo. Zikitoa sawa ndani ya chotara ilhali wazazi walitofautiana, sababu iko kwingine: kwa mdhibiti wa mbali, au kwenye mazingira. Watafiti wa Adelaide, Australia, wamewatumia machotara wa Angus na Brahman namna hii, wakibadilishana nani awe baba na nani awe mama, na wakaona kwamba jeni nyingine hufuata upande wa baba na nyingine upande wa mama.

Nchi ya chai imejaa machotara, ila wengi wao ni wa vizazi vingi vilivyochanganyika bila kumbukumbu. Kwa kazi hii anahitajika chotara ambaye wazazi wake wanajulikana. Mbegu zinazotoka kituo cha taifa cha Lower Kabete, KAGRC, zina jina na ukoo wa fahali. Upande wa mama ndio unaopotea, kwa kuwa mhimilishaji huandika kadi, kadi ikabaki kwa mwenye boma, na ndama akauzwa bila hiyo kadi.

Msimamo wa nne: anza na waliopona

Wapo wanaosema matumizi ya jeni ni njia ndefu. Tazama nani aliishi na nani alikufa, kisha tafuta kwenye DNA. Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, Nairobi, pamoja na wa Roslin walifanya hivyo kwa ng'ombe aina ya Boran, zebu wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, na mwaka 2022 wakachapisha kwamba sehemu ya kromosomu ya 15 inaandamana na kupona ndigana yenyewe, Theileria parva. Ndani ya sehemu hiyo kuna badiliko la herufi moja linalokatiza jeni ya jamii ya FAF1. Kati ya ng'ombe 20 wenye nakala mbili za badiliko hilo, alikufa mmoja. Kati ya 97 wasio nalo kabisa, walikufa 44.

Tarakimu hizi ni nzito, na zinahitaji kusomwa pande zote mbili. Ng'ombe 53 wasio na badiliko hilo walipona pia, kwa hiyo kinga ina milango mingine. Na kipande cha kromosomu kilichotambuliwa ni kirefu cha herufi milioni sita. Jeni nyingine zimo ndani yake. Ndiyo maana watafiti walirudi kwenye seli. Walikuta kwamba kimelea hakiwezi kuzifanya limfosaiti za wenye nakala mbili zizaane kama zinavyozaana za wengine. Hapo njia mbili zimekutana. DNA ilionyesha mahali, na tabia ya seli ikaonyesha kwamba mahali hapo pana uzito. Kilichobaki kujulikana ni jeni zipi zinakosa kuwashwa ndani ya seli hizo, na hilo litajibiwa na kipimo cha RNA peke yake.

Mizani

Nikipima yote, ulinganisho wa utendaji wa jeni uliofanywa kwa ng'ombe wa mazingira tofauti hauna uzito wa kumwongoza mfugaji, hata orodha yake ikiwa ndefu na mashine yake ikiwa ya kisasa. Uliofanywa kwenye sahani una uzito pale tu unapofuatwa na jaribio la kubadilisha kiasi. Kwa uamuzi wa uzalishaji, ushahidi wa Boran ndio unaoongoza kwa sasa, kwa sababu umeanzia kwenye uhai na kifo cha ng'ombe dhidi ya kimelea chetu.

Lakini uamuzi haufanani kote. Juu kwenye ukanda wa chai, ambako ardhi ni ndogo, ng'ombe hufugiwa zizini na maziwa ndiyo yanayolipa karo, kumwacha Friesian au Ayrshire kwa ajili ya uvumilivu ni hasara. Huko kuna silaha nyingine: kudhibiti kupe, na chanjo iliyobuniwa Muguga katika miaka ya 1970, mchanganyiko wa vimelea hai vya aina tatu vinavyodungwa pamoja na tetrasaiklini ya kukaa muda mrefu. Huchanjwa mara moja na kinga hudumu. Shida zake ni bei na kwamba lazima isafirishwe katika naitrojeni ya maji. Chini, Sotik na Chepalungu kuelekea Narok, ambako mifugo huchanganyika malishoni na majosho mengi ya umma yalikufa serikali ilipojiondoa kwenye huduma hizo, uvumilivu wa kurithi una thamani kubwa zaidi, na Sahiwal au Boran kwa upande mmoja wa ukoo ana hoja ya nguvu.

Kati ya kanda hizi mbili kuna gharama ambayo haizungumzwi vya kutosha. Ng'ombe aliyepona ndigana, kwa kurithi au kwa chanjo, huweza kubaki na kimelea mwilini bila kuugua. Kupe mchanga akimnyonya huondoka nacho, hujivua ngozi, kisha hupanda kwa ng'ombe mwingine. Bomet, ambako boma la gredi na boma la zebu hutenganishwa na ua wa mikinduri, uvumilivu wa ng'ombe wa jirani mmoja waweza kuwa maambukizi ya ndama wa jirani mwingine. Fahali mwenye badiliko la kromosomu ya 15 akisambazwa kwa wingi, jambo la kupimwa mapema ni kama mabinti zake hubeba vimelea vichache au vingi kuliko zebu wengine waliopona. Kipimo hicho hakihitaji kungoja teknolojia mpya: kupe wachanga wasio na maambukizi hunyonyeshwa kwenye sikio la ng'ombe aliyepona, husubiriwa wajivue, kisha tezi zao za mate hukaguliwa.